Akiwa na Homa, Mara Mbili

6 Februari

Binti yangu,

Barua yako ya tarehe 28 imefika. Nimeisoma, nimeisahihisha, na ninairudisha ndani ya bahasha hii. Makosa ni sita. Manne ni ya haraka tu na utayaona mwenyewe. Mawili nayataja.

La kwanza: huwezi kutazama chembehai za tezi kwa darubini. Darubini ni ya kutazama nyota na milima. Chombo chako kinaitwa hadubini. Mtu aliyekaa miaka saba mbele ya chombo bila kujua jina lake ni kama mume asiyejua jina la mkewe.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu linahusu dawa. Umeandika: "Akipata homa, mpe dabo." Dabo ni nini? Neno hilo nimelisikia kwa wacheza karata na wapakia mizigo. Halina kazi katika karatasi ya dawa. Lugha yetu haijafilisika hata tuombe msaada kwenye meza ya karata. Andika upya, kwa lugha safi, mistari isiyozidi mitatu, nami nitaibandika kwenye mlango wa kabati. Unaijua nyumba yetu: kisichoandikwa hakimezwi.

Sasa hali ya mama yako. Daktari wa hospitali kuu amethibitisha ulichokishuku, kwamba zile tezi mbili zinazokaa juu ya figo zimekufa. Anasema mwili wenyewe umezishambulia kana kwamba ni adui. Homoni zilizokuwa zikitoka humo sasa zitatoka kwenye kichupa, kila siku, maisha yake yote, na akizikosa atakufa. Hilo nilimsikia akilisema. Alisema na mengine kuhusu siku za homa, lakini alikuwa amegeuza uso dirishani, nami nisipoiona midomo ya mtu sisikii. Njiani nilimwuliza mama yako daktari alisema nini. Akajibu, "Alisema nisikuchoshe." Siamini kwamba mtu husoma udaktari miaka yote hiyo aje aseme hivyo. Ndiyo maana nakuuliza wewe, ambaye tezi hizo ndizo kazi yako.

Usimpigie simu jirani yetu fundi cherehani ukitaka kuzungumza nami. Simu sikioni mwangu ni nyuki ndani ya kopo. Zungumza na mama yako kila Jumapili kwa simu ya huyo fundi kama mlivyozoea, na mimi uniandikie.

Mama yako amesimama nyuma yangu. Anataka niandike: "Chiriku, unakula?" Nimeandika.

Baba yako


13 Februari

Shikamoo Baba,

Barua imefika na wino wake mwekundu. Mwenzangu wa maabara aliiona mezani akadhani nimejikata kidole.

Karatasi ya kabati ni hii hapa, ya peke yake, safi, isiyo na wacheza karata:

Siku zote: kidonge kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja jioni.
Akiwa na homa: mara mbili.
Akikitapika kidonge: hospitali siku hiyohiyo.

Mistari mitatu. Nadhani hapo hutapata kosa.

Uliuliza siku moja ni kazi gani hasa ninayoifanya, nikakujibu "utafiti," ukasema hilo si jibu. Basi jibu ni hili. Asubuhi naenda machinjioni na ndoo ya barafu. Mchinjaji ananiita Daktari wa Mafuta, kwa sababu watu wengine wananunua maini na figo, mimi naomba kile kipande kilichozama kwenye mafuta juu ya figo ya ng'ombe. "Hicho hata mbwa wangu anakiruka," ananiambia kila siku, na kila siku anacheka kama ni mara ya kwanza. Nakipeleka maabara, nakikatakata, nakiosha, natoa seli zake (chembehai, haya) na kuziweka kwenye kisahani. Halafu nazitia rangi ambayo huwaka kila kalsiamu inapopanda ndani ya seli.

Kalsiamu ni ileile ya mifupa na chokaa. Nje ya seli iko tele, ndani karibu haipo. Ubongo ukituma ujumbe kwenye damu, seli ya tezi inafungua vijilango vyake, kalsiamu inaingia, na seli inaanza kutengeneza homoni. Mimi nakaa gizani na hadubini (umeona?) nikitazama nani amewaka na nani bado.

Kinachonishangaza ni kwamba kalsiamu ni ileile kwa kila jambo. Ileile inaiambia seli tengeneza homoni. Ileile inaiambia gawanyika. Ikizidi sana, ileile inaiambia ife. Ni neno moja, Baba, lenye maana nyingi, na seli inajua ni maana ipi kwa namna lilivyosemwa: polepole au harakaharaka, kwa mkupuo au kwa kurudiarudia, pale mlangoni au ndani kabisa. Wewe ungezitia wino mwekundu zote, kisahani kizima.

Mwambie Mama ninakula.

Mwanao


20 Februari

Binti yangu,

Karatasi imefika. Haina kosa. Nimeibandika kwa gundi ya unga kwenye mlango wa kabati, usawa wa macho yangu. Ufunguo nauweka mfukoni, si kwa sababu simwamini mama yako, ila kwa sababu yeye akishajisikia vizuri husema dawa imemaliza kazi yake.

Na anajisikia vizuri. Ile rangi nyeusi ya viganja, iliyoletwa na ugonjwa, imeanza kupauka. Jana amefua shuka mbili, nikamkanya, akanijibu, "Mwalimu, unataka nikae kama kiatu cha mgeni mlangoni?" Fundi cherehani alikuwa uani akasikia, akacheka hadi akadondosha pini zake. Mimi nilisoma midomo tu, lakini nilielewa kwamba nimechekwa.

Nimeufikiria ujumbe wako wa neno moja lenye maana nyingi. Siukubali. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo sikukutana na sentensi iliyoandikwa sawasawa ikawa na maana mbili. Zenye maana mbili zimeandikwa na wavivu. Kama chembehai zako zinasema neno moja kwa kila jambo na bado zinaelewana, basi ama zina busara kuliko wanafunzi wangu wote, ama hujatazama vya kutosha. Tazama tena.

Mama yako anauliza utakuja lini. Nimemwambia watu wenye kazi hawaulizwi. Lakini sasa nakuuliza mimi: utakuja lini?

Baba yako


2 Machi

Shikamoo Baba, na Mama umsomee hii kwa sauti,

Nimeona! Nilitazama tena kama ulivyoniambia, na nimeona kitu ambacho Profesa wangu alikuwa na shaka nacho.

Nilichukua seli zilizoshikana, kama ishirini hivi. Katikati yake niliweka moja ambayo nilikuwa nimeiziba mahali pake pa kupokea ujumbe. Kwa lugha ya nyumbani, niliifanya kiziwi. Nikamwaga ujumbe. Seli moja ya pembeni ikawaka, kisha ya pili, mwanga ukawa unatembea kama uvumi kwenye foleni. Ukafika kwa yule kiziwi. Baba, naye akawaka! Hakusikia chochote kutoka nje, lakini kati yake na jirani zake kuna vipenyo vidogo sana, na jirani zake walimpitishia humo humo. Nikazitenganisha, nikaziweka mbalimbali, nikamwaga ujumbe uleule. Zile nyingine zikawaka kila moja peke yake, kwa udhaifu. Kiziwi alibaki giza.

Nilipiga kelele hadi mlinzi wa jengo akaja na rungu lake. "Mwizi yuko wapi?" Nikamwonyesha kioo cha hadubini. Akatazama weee, akasema, "Sasa huyu mdogo hivi ameiba nini?"

Siwezi kuja mwezi huu. Profesa anataka ripoti kabla ya tarehe 30. Nikimaliza nitakuja, nikae wiki mbili, Mama anipikie hadi nishindwe kufunga vifungo. Mama, leo hukuja kwa fundi kupokea simu. Fundi amesema umelala. Tangu lini wewe unalala mchana? Jumapili ijayo usipokuja nitanuna.

Chiriku wenu


16 Machi

Binti yangu,

Leo ni siku ya nane tangu tumzike mama yako. Barua yako ya tarehe 2 ililetwa siku ileile ya mazishi, wewe ukiwa ndani na akina mama, na mtu akaiweka juu ya kabati pamoja na karatasi za rambirambi. Nimeifungua jana. Ulitaka asomewe kwa sauti. Nimeisoma kwa sauti.

Siku ile makaburini uliniuliza jambo, nami sikulisikia, kwa kuwa watu walikuwa wengi na ulikuwa umefunika mdomo kwa kitambaa. Kabla sijakuuliza, gari lako lilikuwa limeondoka. Nadhani uliuliza ilikuwaje. Una haki ya kujua, hivyo nakuandikia kwa mpangilio.

Jumapili tarehe 2 alisema amechoka, akalala mchana. Jumatatu na Jumanne hakuwa na homa, na alimeza kama kawaida, vidonge vitatu. Jumatano asubuhi nilimgusa paji la uso nikakuta homa. Nilikwenda kwenye kabati nikasoma karatasi yako. Siku zote ni mara tatu. Akiwa na homa ni mara mbili. Niliona ni jambo la busara, kwa sababu tumbo la mgonjwa huchoka, na dawa nyingi kwenye tumbo lililochoka ni mzigo. Nikampa asubuhi kimoja na adhuhuri kimoja. Cha jioni nikakiacha.

Alhamisi nilifanya vivyo hivyo. Alikuwa amelegea, hawezi kukaa bila mto. Jioni aliniambia, "Mwalimu, bado cha jioni." Nilimweleza kwamba karatasi inasema mara mbili, naye alikwisha kumeza mara mbili. Akaniangalia kidogo. Akasema, "Basi sawa, Mwalimu."

Fundi cherehani alikuja akataka apelekwe hospitali. Nilimwonyesha mstari wa tatu. Mama yako hakuwa amekitapika kidonge hata kimoja. Nilikaa naye kila mara nikisubiri kuona. Kwa hiyo mstari wa tatu haukutuhusu.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilimwita, hakuitika. Mikono ilikuwa baridi na fulana imelowa jasho. Fundi alileta gari la dukani. Tulikuwa hatujafika kwenye lango la hospitali.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba maagizo yako yalifuatwa neno kwa neno. Usije ukajilaumu kwamba hukuwapo. Karatasi yako ilikuwapo.

Baba yako


1 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako ilifika siku nyingi. Samahani kwa kuchelewa kujibu; kazi ilikuwa nyingi.

Nashukuru kwa kunieleza. Ulimhudumia Mama vizuri na ulifanya yote sawasawa. Ugonjwa ule ndivyo ulivyo, huweza kumchukua mtu ghafla hata mikononi mwa madaktari. Hata ungalimpa zaidi, asingalipona. Usiwe na mawazo.

Ule na upumzike. Nitaandika tena.

Mwanao


10 Aprili

Binti yangu,

Zaidi ya nini?

Nimeisoma barua yako mara nyingi. "Hata ungalimpa zaidi, asingalipona." Umetumia -ngali- mahali pake, kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha pita na haliwezi kurekebishwa. Ungalikosea hapo, nisingalisimama. Lakini hukukosea, na mtu anayechagua -ngali- kwa uangalifu namna hiyo hawezi kuandika "zaidi" kwa bahati mbaya. Mimi sikuzungumzia zaidi popote. Nilizungumzia tatu na mbili.

Juzi niliibandua karatasi yako mlangoni kwa kisu, nikaenda nayo zahanati ya mtaani. Nilimpa muuguzi aisome. Alikuwa anakunja bandeji. Akasoma mstari wa pili, akasema, "Ndiyo, Mzee, mara mbili. Palipo kimoja anapewa viwili." Nikamwomba aseme tena akinitazama. Akasema tena. Akaniuliza, "Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Benchini walikuwa wameketi watu kumi na mmoja. Nilimpitishia kila mmoja karatasi, kama nilivyokuwa nikifanya darasani, asiyejua kusoma nikamsomea, nikamwuliza: mgonjwa huyu akiwa na homa apewe nini? Saba walisema avimeze viwiliviwili. Wanne walisema ameze asubuhi na jioni tu. Kijana mmoja katika wale wanne alisema kwa hakika kabisa, "Si imeandikwa mara mbili?" Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikawauliza neno la pili. Nikasema: na kama ingaliandikwa dabo? Wote kumi na mmoja, pamoja na bibi mmoja asiye na jino wala shule, waliinua vidole viwili.

Karatasi yako ya kwanza ilikuwa sahihi. Ilisema kile ulichotaka kusema, na kila mtu aliyeketi kwenye benchi lile angaliielewa, na mama yako angalikuwa anafua shuka. Mimi ndiye niliyeifuta.

Liko jambo moja ninalozunguka nalo ndani ya nyumba. Yeye alikwisha kumsikia daktari. Masikio yake yalikuwa mazima, naye alikuwa amekaa mbele ya yule daktari pale dirishani. Aliposema "bado cha jioni," je, alikuwa anakumbuka alichoambiwa? Na kama alikumbuka, kwa nini alisema "basi sawa"? Nimejibu swali hili na jibu silitaki. Kwa miaka arobaini na mmoja, kila alipotamka jambo nilimsahihisha, na kila nilipomsahihisha alisema "basi sawa." Nilimfundisha vizuri.

Wewe uliligundua hili uliposoma barua yangu ya mazishi, ukanificha. Nakuomba usinifiche tena chochote. Mimi si mtoto.

Baba yako


21 Aprili

Baba,

Umesema nisikufiche. Basi naandika haraka kabla sijabadili mawazo, na kama kuna makosa yaache.

Nilijua.

Nilipoandika "mara mbili" kalamu ilisimama. Niliona kabisa kwamba mtu anaweza kulisoma hivi na anaweza kulisoma vile. Nilikuwa na maneno mengine tayari kichwani: "viwili badala ya kimoja." Mtoto wa darasa la pili angeyaelewa. Sikuyaandika. Barua yangu ilikuwa mezani na wino wako mwekundu, sita, kama ya mtoto, na mimi nina umri wa miaka thelathini na tatu na watu wananiita Daktari. Nikajiambia: Mwalimu si ndiye mwenye lugha? Basi na asome. Nilitaka siku moja uniandikie kuniuliza, "Mara mbili maana yake nini?" ili nikujibu kwa wino mwekundu. Ni hilo tu nililolitaka. Nilidhani ungeniuliza.

Halafu nikasahau. Nilikuwa nafurahia kiziwi wangu.

Kwa hiyo usiseme ni wewe uliyeifuta. Uliniambia niandike upya, hukuniambia niandike vibaya. Nami kwa simu kila Jumapili nilizungumza na Mama habari za mafuta ya nywele na mtoto wa fundi, na hata siku moja sikumwambia kwa mdomo wangu, "Mama, ukipata homa meza viwili." Nilidhani karatasi inatosha. Hapo ndipo nilipo binti yako kweli.

Kule makaburini nilikuuliza, "Ulimpa ngapi?" Uliponitazama bila kujibu nikadhani hutaki kusema. Nikaondoka kwa ajili hiyo.

Siendi machinjioni tena. Visahani vyangu vimekauka, na Profesa amempa mtu mwingine ile meza. Kila nikiweka jicho kwenye kioo naona vidonge.

Sijui kama utaweza kukaa chumba kimoja na mimi. Mimi pia sijui kama nitaweza. Lakini nakuja. Ijumaa tarehe 2 Mei, basi la mchana. Nakuja.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu Chiriku,

Ni mimi fundi cherehani, jirani yenu. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimeamua kuandika, na mkono wangu umezoea sindano, utanivumilia. Hii barua Mwalimu haijui.

Ile yako ya tarehe 21 ilipofika alikuja nayo kwangu, bado haijafunguliwa. Akasema, "Fundi, nisomee." Nikamwambia, "Mwalimu, mimi na kusoma wapi na wapi? Wewe ndiye unayetusomea mtaa mzima." Akasema, "Mimi nimeacha." Akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akanikazia macho midomoni.

Nikasoma. Nilipofika kwenye neno "nilijua," akanisimamisha. Akauliza, "Hapo inamaanisha nini?" Nikamwambia, anasema alijua. Akauliza, "Na nini kingine?" Nikamwambia, hakuna kingine, Mwalimu, alijua ni alijua. Akasema, "Endelea." Na ikawa hivyo kila mstari, mwanangu. Nasoma, ananisimamisha. Inamaanisha nini. Na nini kingine. Barua ya ukurasa mmoja tuliimaliza jua likiwa limeshahama ukutani, na wateja wangu wawili walichoka kungoja wakaondoka na vitambaa vyao.

Hakulia wala hakukutukana, nakuapia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu mama yako alikuwa rafiki yangu, na nyinyi wawili sikuwahi kujua mnafanana hivyo.

Tulipofika mwisho, palipoandikwa nakuja, akauliza inamaanisha nini. Nikamwambia kwa furaha, anakuja! Ijumaa ya tarehe mbili! Akauliza, "Na nini kingine?" Nikamwambia, Mwalimu, jamani, nakuja ni nakuja.

Ijumaa hiyo alivaa koti. Alitoka asubuhi na kiti chake akakiweka barabarani, pale basi linapogeuza. Nilimpelekea chai akairudisha imepoa. Ijumaa ya pili akavaa koti. Nilimwambia pengine umekosa nafasi kwenye basi, pengine kazini wamekuzuia. Akanisikiliza midomo yote hadi mwisho, akasema ahsante.

Jana ilikuwa Ijumaa ya tatu. Basi lilipita saa nane, likashusha mama mmoja na magunia yake. Mwalimu akaja kwangu na kiti mkononi. Akaitoa barua yako kwenye koti, akaniwekea kidole kwenye lile neno la mwisho. Hakuuliza inamaanisha nini. Aliuliza moja kwa moja: "Na nini kingine?"

Mwanangu, ningemwambia nini? Nilikuwa nimechoka, sindano imevunjika, nguo ya harusi ya mtu iko mezani. Ningenyamaza, lakini alikuwa ananitazama mdomo. Nikamwambia: kuna watu husema nakuja huku wanaondoka. Mtu anainuka kwenye mazungumzo, anasema, "Nakuja," anakwenda zake. Sote tunasema hivyo. Mimi mwenyewe nasema.

Alilifikiria hilo. Akasema, "Sahihi kabisa." Akakunja barua, akachukua kiti chake.

Leo hajafungua mlango. Nimegonga, lakini yeye na kugonga ndivyo unavyojua. Nimemwona kwa dirishani, yuko kitandani upande wa mama yako, ameamka, ananitazama. Nikamwonyesha kwa mdomo, "Atakuja." Akageuza uso ukutani, mahali asipoweza kuniona nikisema.

Fundi